Chati Yangu Inasema Nimepona

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza.

Ukurasa wako naufungua kabla ya kurasa nyingine zote, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikisema mtu mzima na akili zake anapelekaje mambo ya ndani gazetini, na leo nimeketi kwenye ngazi za nyuma ya saluni na daftari la wateja mapajani naandika ya kwangu, basi kweli hujafa hujaumbika.

Mimi ni msusi. Nina miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo nimeimaliza nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Kiti changu ni kile cha karibu na sinki, mahali pazuri kwa sababu mteja akishaoshwa anafikia kwangu moja kwa moja, lakini hapo hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana miaka mitatu iliyopita kibofu changu kilianza kusikiliza bomba. Bomba likifunguliwa tu, mimi nimebanwa, na si kule kubanwa kwa kawaida, kwa kujiambia ngoja nimalize mstari huu kisha niende, ni kubanwa kwa ghafla kama mlango uliopigwa teke, na nikichelewa hatua kumi basi imekwisha habari yangu. Choo kiko nyuma ya jengo, tunakitumia maduka sita, na ufunguo wake umefungwa kwenye kipande cha ubao na unakaa kwa fundi viatu, ambaye hana baya lakini ana mdomo, kila nikienda ananiambia, "Mama, tena? Si uhamie huko kabisa, tukuletee kitanda?" na watu wanacheka na mimi nacheka nao huku nimekaza mapaja.

Halafu kuna sheria ya kazi yetu. Mama aliyenifundisha kusuka, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kichwa hakiachwi njiani, mteja akishaketi kwako umemchukua, humwachi na nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama. Na rasta ndogo ndogo ni kazi ya saa sita, saba. Siku moja nilikuwa namsuka bibi harusi mtarajiwa, shangazi zake wawili wamekaa pale wanasimamia kila mstari, bomba likafunguliwa, nikasema nitamaliza tu huu mmoja, sikumaliza. Nilihisi joto linashuka hadi kwenye soksi. Sijui akili ile ilitoka wapi, nilirusha kiwiko nikalipiga beseni la maji ya kusuuzia, likanimwagikia lote kuanzia kiunoni, watu wakapiga kelele, nikaomba radhi, nikasema mikono ina mafuta. Nilisalimika. Lakini ukishapata ujanja utautumia tena, na beseni limemwagika mara tano sasa, ndiyo sababu saluni nzima na mtaa mzima wananiita Mama Beseni, wanadhani mimi ni mzembe wa mikono, na mimi nimelikubali jina kwa sababu ndilo linalonisitiri.

Nyumbani nako nimedanganya. Nilimwambia mume wangu anakoroma, nikahamia chumba cha pili, na ukweli ni kwamba naogopa godoro. Yeye ni fundi umeme mstaafu, mtu mpole, hakubisha, alikwenda akauliza huko na huko akaambiwa mtu akilala ubavu hakoromi, basi sasa hivi anajifunga mto mdogo mgongoni kwa mkanda ili asigeuke chali, na kila asubuhi ananiuliza, "Leo umenisikia?" Namwambia kidogo.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mwanangu wa pekee alioa miaka miwili iliyopita, na mke wake ni muuguzi katika kliniki ya akina mama. Ni msichana mkimya, ana heshima, ananisalimia vizuri, ananiletea matunda, lakini mshauri unajua mkwe ni mkwe, mnakaa sebuleni mnaulizana habari za kazi, kisha mnaangalia televisheni. Mwanzoni mwa mwaka nilishikwa na homa, akaja kunihudumia siku mbili. Nyuma ya mlango wa chumba changu kulikuwa na ndoo yenye kifuniko, na ndani yake vile vitambaa ninavyojiwekea. Nilipoamka mchana nikaviona vyote vimefuliwa, vimekauka, vimekunjwa mraba mraba juu ya kiti. Hakusema neno. Nilitamani nizame kwenye godoro. Kesho yake alipokuwa anaaga akasema tu, "Mama, naomba simu yako, kuna kitu nataka nikuwekee."

Akaniwekea programu, hizi za simu wanazoziita apu, ya wanawake wenye kibofu chenye haraka kama changu. Inakuuliza umekunywa vikombe vingapi na vya nini, umekwenda haja mara ngapi na saa ngapi, ulibanwa kidogo au sana, ulivujwa au hukuvujwa, na kama ulivujwa ni matone au nguo ililowa. Ina sauti ya mwanamke inayokufanyisha mazoezi ya misuli ile ya kuzuia mkojo, inahesabu, kaza, shikilia, legeza. Na ukimaliza siku yako vizuri kuna ua linaongeza petali moja. Jioni unabonyeza "Tuma", chati yako inakwenda kliniki, na kule kliniki anayezipokea hizo chati ni yeye mwenyewe, mkwe wangu.

Siku ya kwanza nilijaza kweli tupu. Nimekwenda mara kumi na nne, nguo ililowa mara mbili. Nikafika kwenye "Tuma", kidole kikakataa. Nilimwona binti yule amekaa mezani kwake anasoma kwamba mama wa mumewe amejikojolea saa nne na dakika ishirini, na tena saa tisa. Nikarudi nyuma nikafuta. Kumi na nne nikaiandika saba. Kulowa nikaandika hakuna. Nikatuma. Haikupita nusu saa ukaingia ujumbe, "Hongera mama. Umeanza vizuri sana. Najivunia wewe."

Mshauri, mwanangu nampenda, lakini yeye ni wa kupiga simu mara moja kwa mwezi na kuniuliza kama mvua imenyesha. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia anajivunia mimi. Kesho yake nikatuma nyingine nzuri zaidi, ukaja ujumbe mwingine, na keshokutwa mwingine, na wakati mwingine anaongeza habari zake, kwamba leo alichoka, kwamba mwanangu kaunguza chakula, na mimi namjibu, tunaandikiana mpaka napitiwa na usingizi. Sebuleni bado tunaulizana habari za kazi. Lakini kwenye simu nimepata mtoto wa kike. Na nimempata kwa uongo.

Siku arobaini na tatu sasa. Mazoezi sijafanya hata moja, namwachia yule mwanamke wa simu ahesabu peke yake kwenye mfuko wa aproni huku nasuka, na mteja mmoja alishaniuliza nini kinasema legeza legeza, nikamwambia ni redio. Na ili uongo usiwe mkubwa sana nikaona nipunguze maji, nisipokunywa nitakojoa nini, basi nakunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi na ndio mpaka jioni. Nimepunguza safari za chooni, hilo ni kweli, lakini kile kidogo kinachotoka kina rangi ya chai hiyo hiyo na kinanichoma, na kubanwa ndio kumezidi, na wiki iliyopita kichwa kilinizunguka nikashikilia nywele za mteja nisianguke, akapiga yowe akidhani ndio staili mpya.

Sasa Jumamosi kliniki wana mkutano wa wanawake wenye tatizo hili, wengi hawaitaki hiyo apu, wanaona haya, na mkwe wangu amepewa kazi ya kuuongoza, mara yake ya kwanza. Jumapili ya wiki iliyopita alikuja nyumbani, tulipobaki wawili akanishika mkono, hajawahi kunishika mkono, akasema, "Mama, chati yako ndiyo nzuri kuliko zote. Sitalitaja jina lako kama hutaki, lakini ukikubali kusimama dakika tano tu uwaambie ulivyofanya, watakuamini wewe kuliko mimi." Ulimi hauna mfupa, nikasema sawa.

Na kuna la mwisho, hili ndilo linalonikosesha usingizi. Mwenzangu wa kiti cha pili, tunamwita Mama Pacha, alinisikia nikiongea na mkwe wangu kwenye simu habari za mkutano na chati yangu, akanivuta pembeni akaniambia na yeye hali yake ndiyo hiyo tangu azae wale pacha, akaniuliza siri yangu ni nini. Ningemwambia nini? Nikamwambia, "Usinywe maji kazini." Basi na yeye ameacha. Jana nimemwona midomo imempasuka na anajishika kichwa, ananiambia, "Dada, hii dawa yako ni kali, lakini nitavumilia mpaka nifike ulipofika."

Nifanye nini mshauri? Nijifanye mgonjwa Jumamosi? Nisimame niseme uongo dakika tano halafu niifute hiyo apu na yote yaishe? Nikimwambia ukweli nitamwaibisha mbele ya wakubwa wake na nitampoteza, na mwenzio sijui kama nitaweza kurudi kwenye kuulizana habari za kazi.

Ni mimi,
Msusi wa Kiti cha Karibu na Sinki

*

Mama Beseni,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe, kabla hujaenda mstari wa tatu wa majibu yangu, inuka ukanywe glasi ya maji. Sitanii. Nakungoja.

Umerudi? Vizuri. Barua yako ilinifikia Jumanne, na kwa foleni iliyopo mezani kwangu zamu yake ingekuwa mwezi ujao. Nimeivusha, waliokutangulia kuandika wanisamehe, kwa sababu Jumamosi haitakungoja wewe wala mimi. Nimegeuza mambo mawili matatu, majina ya utani yakiwemo, ili watu wa mtaani wasikutambue, lakini mkwe wako akiuona ukurasa huu atakujua kabla hajamaliza aya ya kwanza. Kwa hiyo una leo tu. Usiende kulala na jambo hili.

Kwanza pokea pole yangu. Miaka mitatu ya kukaza mapaja huku unachekeshwa na fundi viatu si mchezo, na kujimwagia beseni la maji ya baridi mbele ya shangazi wa bibi harusi kunataka moyo ambao majenerali wengi hawana. Nilicheka hapo, sikufichi, kisha nikaacha kucheka. Na nikwambie jambo ambalo wenzangu hapa ofisini hawalijui mpaka leo hii wanapolisoma: meza yangu iko karibu na mlango, na sikuichagua kwa ajili ya upepo. Tuko wengi, mama. Ukiwapanga wanawake kumi wa umri wetu barabarani ukawaambia waseme kweli, utashangaa ni wangapi wanajua kila choo kilipo kati ya nyumbani na kazini.

Sasa nikugombeze, maana ulishaniruhusu.

Unaniuliza kama uifute hiyo apu. Ya nini? Haijawahi kukuona! Siku arobaini na tatu imekuwa ikimtibu mwanamke mwingine kabisa, mwanamke anayekwenda haja mara saba, asiyevujwa, anayefanya mazoezi yake yote. Huyo anaendelea vizuri kweli kweli, ukimwona umsalimie. Wewe uko pale pale ulipokuwa, tena umerudi nyuma. Na hayo mazoezi ya kwenye mfuko wa aproni, mama yangu, simu haina nyonga. Imekaza na kulegeza mara elfu kwa niaba yako na haijafaidika chochote.

La maji ndilo lililonitia hofu. Nilimpigia daktari wa akina mama ninayemwuliza mambo kama haya, nikamsomea sehemu hiyo, akanikatiza kabla sijamaliza. Anasema usipokunywa maji mkojo unakuwa mkali, na mkojo mkali unakiudhi kibofu, nacho kikiudhika kinakuita zaidi, hata kama ndani mna vijiko viwili. Ndiyo maana kubanwa kumezidi. Na kule kuchomwa huenda umeshapata maambukizi, hilo halina ushauri wa gazetini, ni kwenda kupimwa mkojo, leo, na ukiona homa au damu usingoje hata foleni. Kunywa glasi sita au zaidi kwa siku, kidogo kidogo, nyingi asubuhi na mchana, upunguze karibu na kulala. Kinachofaa kupunguzwa si maji, ni hiyo chai unayoitegemea, pamoja na kahawa na soda.

Na bomba likifunguliwa, usikimbie. Hapo ndipo wengi tunapokosea, tunakimbia, na mwili ukitikisika ndio kwanza unamwaga. Simama pale pale na mikono yako kichwani kwa mteja, kaza ile misuli haraka haraka mara tano au sita, vuta pumzi taratibu, fikiria mstari unaofuata wa nywele. Kule kubanwa kunapanda na kunashuka. Ngoja kushuke, kisha nenda kwa mwendo wa mtu mwenye adabu. Daktari anasema mazoezi ya kila siku yanataka wiki sita mpaka kumi na mbili kabla hujaona tofauti, na yasipotosha kuna dawa na kuna wataalamu wa mazoezi hayo hayo. Kwa hiyo hujashindwa. Hujaanza.

Kuhusu kichwa kutoachwa njiani, namheshimu marehemu mwalimu wako, lakini nadhani alikuwa anasema habari za kumtelekeza mteja, hakusema ujiue. Mteja wako mwenyewe katika hizo saa saba anainuka kupokea simu, kula, kumpokea mtoto. Mwambie toka mwanzo, "Tutapumzika mara tatu," na uende kila pumziko, umebanwa hujabanwa. Na ule ufunguo, peleka kwa fundi akuchongee wako, uuweke mfukoni. Fundi viatu atafute mtu mwingine wa kumpelekea kitanda.

Mume wako. Mzee wa watu amefungwa mto mgongoni kama mzigo wa punda kwa kosa la kibofu chako, na kila asubuhi anauliza hali ya koo lake! Kama huwezi kumwambia yote leo, mwambie moja tu, kwamba hakoromi. Mengine yatafuata yenyewe. Mtu anayejifunga mkanda kila usiku ili wewe ulale vizuri hatakukimbia kwa sababu ya godoro.

Na Mama Pacha usimngoje hata akae kitini. Wewe ndiye uliyempa ile dawa, wewe ndiye wa kumwondolea. Mpe maji mkononi, mwambie ulimdanganya na wewe mwenyewe hujapona. Atakasirika, na ana haki. Kisha mwende nyote wawili kupimwa.

Sasa huyo binti.

Unasema umempata kwa uongo. Hapo umekosea hesabu za moyo, mama, na ndipo nilipotaka kukufikisha tangu mwanzo. Alikuta ile ndoo nyuma ya mlango kabla ya apu, kabla ya ua na petali zake. Akavifua vile vitambaa kwa mikono yake, akavianika, akavikunja, akavipanga juu ya kiti, na akanyamaza ili usione haya. Siku ile chati ilikuwa wapi? Hukuwa umemtumia namba hata moja nzuri. Alikuona ulivyo, akakupenda ulivyo, halafu akatafuta njia ya kukusaidia bila kukulazimisha kusema kwa mdomo. Kisha wewe ukaanza kumficha jambo ambalo alishalifua.

Nakubali, kuna haya kati ya mkwe na mkwe, na sikuambii uitupe. Ina kazi yake. Lakini kumwonea mtu haya ni jambo moja, na kumpandisha jukwaani akiwa ameshika karatasi ya uongo ni jambo lingine. Jumamosi ataonyesha kazi yake kwa mara ya kwanza. Wanawake watamwamini kwa sababu yako. Wakirudi nyumbani wakaacha maji kama Mama Pacha, au wakafanya mazoezi wiki mbili wakaona hawafikii ua lako, watasema wao ndio wabovu, wataacha, nao hawatarudi. Na siku ukweli ukijulikana, atakayeulizwa si wewe, ni yeye. Hilo ndilo litakalomwaibisha. Ukimwambia leo, ana siku nzima ya kujipanga, na aibu haipo.

Usijifanye mgonjwa, tayari unaumwa. Usingoje Jumamosi ukaungama mbele za watu, utamshtua na atakosa pa kuweka uso. Na sikutumi umfuate sebuleni, najua mtaishia kuulizana habari za kazi. Tumia njia ile ile aliyokupa yeye.

Leo jaza siku yako kama ilivyokwenda. Kila glasi, kila safari, kila tone, saa na dakika. Programu nyingi kama hiyo zina mahali pa kuandika maelezo, na kama yako haina, tumia ujumbe wa kawaida. Andika hivi, na usiongeze maua: "Chati za nyuma zote nilizibadilisha kwa sababu nilikuonea haya. Hii ya leo ni ya kweli. Sijapona. Nimekunyima ukweli lakini sikutaka kukukosa. Unisaidie." Kisha bonyeza. Ukiona kidole kinakataa, kibonyeze kwa mkono wa pili.

Kama Jumamosi usimame au usisimame, mwachie yeye aamue, ndiye mwenye mkutano. Mimi ningekusimamisha. Wanawake wale wana haya kama yako, na nadhani wanamhitaji mtu wa kuwaambia kwamba alidanganya siku arobaini na tatu na bado akapokelewa kliniki. Lakini si mkutano wangu.

Ukishatuma, usiizime simu wala usiisahau kwenye aproni. Hatakuandikia ujumbe safari hii, atapiga. Toka nje uipokee. Usipange maneno wala usianze na kuomba radhi, utaomba baadaye. Mwambie, "Mwanangu," halafu unyamaze, umsikilize.